Naliendele: Kiunga au Shamba?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehama Chikongola, mjini Mtwara, nikajenga Naliendele. Shangazi huniambia kila tukutanapo kwamba nimekimbilia shamba, ilhali kijana wangu husema ninaishi kitongojini kama Wamarekani. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Mtwara.

JIBU: Ndugu msomaji, kijana wako amechagua neno lenye utata, kwani katika utaratibu wa serikali za mitaa nchini kitongoji ni sehemu ya kijiji yenye mwenyekiti wake, na mji hugawanywa katika kata na mitaa, hivyo mkazi wa kata ya Naliendele, iliyo ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, haishi kitongojini hata akiamshwa na jogoo wa jirani. Neno ninalolipenda ni kiunga, ambalo hutumika kwa shamba la miti na pia kwa eneo la pembezoni mwa mji. Hapo wewe na shangazi mmekwisha kupatana, mpende msipende.

Hao Wamarekani wana historia yao. Huko Levittown, karibu na New York, nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana zilijengwa kuanzia mwaka 1947, zikauzwa kwa bei nafuu kwa askari waliorudi kutoka vitani na familia zao, lakini watu weusi walizuiwa kununua. Mwenye nafasi aliuacha mji akaenda pembeni, na gari likamrudisha kazini kila asubuhi. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: mji wa Mtwara ulipokuwa ukijengwa kwa ajili ya bandari ya ule Mpango wa Karanga, mradi wa Waingereza wa kulima karanga kwa wingi, ulioshindwa, Wazungu walijitengea Shangani, penye upepo wa bahari, na anayekwenda pembezoni leo mara nyingi hafuati ufahari bali kiwanja ambacho mfuko wake unakimudu.

Kwa hiyo usipime kwa vigae wala kwa geti. Jiulize riziki yako inatoka wapi. Ikiwa kila asubuhi unapanda bodaboda kwenda kazini mjini na kurudi jioni kulala, unaishi kiungani, na kijana wako amekosea neno tu. Ikiwa kinachokulisha ni mikorosho iliyo nyuma ya nyumba, basi shangazi amesema kweli, ingawa angeweza kuisema bila kucheka.