Krimu hazitaziba pengo la usingizi

Pole sana, dada. Unasema tangu uanze kulala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku uso umepauka, chunusi zimerudi, chini ya macho pameingia weusi, na krimu tatu ulizojaribu hazikusaidia. Mimi ningeziweka kando kwanza, nikaanza na usingizi wenyewe.

Ukiwa katika usingizi mzito mwili hutoa homoni ya ukuaji, inayosaidia kukarabati tishu, ngozi ikiwemo. Ukikesha, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda, na kukosa usingizi huko huchochea uvimbe mwilini. Huenda ndiyo maana chunusi zinawaka. Tabaka la juu la ngozi nalo hushindwa kushika maji vizuri, uso unakauka hata ukipaka mafuta. Tena watu huona! Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Uswidi waliwapiga picha watu 23, mara moja wakiwa wamelala vya kutosha na mara nyingine wakiwa wamekesha. Waliozitazama picha hizo waliwaona waliokesha kama watu wasio na afya nzuri.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Lala muda uleule kila siku, weka simu mbali na kitanda, kahawa iishie mchana. Nawa uso kabla ya kulala hata ukiwa hoi. Jipe wiki kadhaa.

Weusi wa chini ya macho, lakini, wakati mwingine ni wa kurithi, na huo hautaisha wote kwa kulala. Chunusi zikiacha makovu, muone daktari wa ngozi. Na kama usingizi ndio hauji kabisa, tafadhali mweleze daktari hilo pia.