Je, gesi ya viyoyozi vyetu imepigwa marufuku?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha nyumba ya wageni Shangani, Mtwara, na viyoyozi vyangu vyote vinatumia gesi ya R-22. Kimoja kimeacha kutoa baridi. Fundi anasema gesi hiyo imepigwa marufuku, hivyo ama ninunue viyoyozi vipya vyote, ama anijazie gesi nyingine ya bei nafuu katika mashine ileile. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako amekueleza nusu tu ya ukweli. R-22 huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, hupunguza matumizi yake kwa hatua: asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, kisha kuikomesha 2030, isipokuwa kiasi kidogo kitakachoruhusiwa hadi 2040 kwa ajili ya kuhudumia mashine zilizopo. Kinachobanwa ni upatikanaji wa gesi mpya. Itifaki hiyo haikulazimishi kung'oa kiyoyozi kinachofanya kazi.

Kabla ya yote, muulize fundi gesi iliyokuwamo imekwenda wapi. Kiyoyozi hakitumii gesi ikaisha kama gari linavyomaliza mafuta. Gesi ile ile huzunguka ndani ya mabomba miaka yote, na ikipungua basi inavuja. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari kama yako, chumvi hula koili ya mashine ya nje pamoja na maungio yake. Mtake ajaze naitrojeni, apake povu la sabuni kwenye kila ungio, na pale mapovu yatakapofura ndipo alehemu. Kisha anyonye hewa yote kwa pampu na kujaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Kabla ya hayo yote, gesi iliyosalia ndani ya mashine aikusanye kwenye mtungi, asiiachie hewani, kwa sababu inadhuru anga na pia inazidi kuwa adimu.

Kuhusu gesi nyingine katika mashine ileile, kataa kabisa. R-410A ina mgandamizo wa takriban mara 1.6 ya R-22 na huhitaji oili tofauti, kwa hiyo itaua kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ndani ya mashine. Propeni, yaani R-290, ni gesi nzuri sana katika mashine iliyoundwa kwa ajili yake, lakini huwaka moto kwa urahisi, na kuiweka katika mashine ya R-22 ndani ya chumba anacholala mgeni ni kuhatarisha uhai wake.

Kompresa ikifa kweli, badilisha kiyoyozi hicho kimoja, na usome kibandiko uone aina ya gesi kabla ya kulipa. R-410A haidhuru ozoni, lakini kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto mara 2,088 ya kaboni dayoksaidi, wakati R-32 ni mara 675. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanaigusa jamii hii ya gesi pia: kwa kundi la nchi zetu, kiwango cha matumizi hakiruhusiwi kupanda tangu 2024, na kitaanza kupunguzwa 2029. Ningechagua R-32, nikihakikisha anayeifunga amefundishwa, maana nayo huweza kuwaka ingawa si kwa wepesi. Mitumba ya R-22 usiiguse, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Ulaya hairuhusu tena kuongeza gesi hiyo katika mashine tangu 2015.

Kazi ikiisha, fundi aandike kwenye mashine aina ya gesi, uzito aliojaza na tarehe.