Jike akimpanda jike mwenzake: kwa maafisa mifugo wapya wa Lindi na Mtwara

Wadogo zangu mliopangiwa Kilwa, Nachingwea, Masasi au Newala, mapema tu mfugaji atawauliza, "Mbona majike wangu wanapandana? Wana kasoro?" Msicheke, wala msikwepe kwa aibu. Ni tabia ya kawaida ya ng'ombe, na kwa mhimilishaji, yaani anayewapandikiza majike mbegu za dume, hakuna dalili yenye thamani kuliko hiyo.

Wageni wengi huandika namba ya anayepanda. Mtazameni wa chini. Anayepandwa akatulia, asikimbie wala kugeuka kupiga pembe, huyo ndiye yuko kwenye joto, yaani yuko tayari kupokea mbegu. Wa juu huenda anakaribia joto, ametoka, au hata ana mimba. Kama hukuwakuta wakipandana, kagua: manyoya ya shina la mkia yamevurugika, mbavuni kuna matope ya kwato, ukeni unaning'inia ute mwangavu unaovutika. Ukikuta damu kidogo, joto limeshapita siku mbili tatu, usihimilishe. Mrudie kwenye mzunguko ujao, siku 18 hadi 24 tangu alipokuwa kwenye joto.

Ng'ombe wetu wa asili joto lao ni fupi, na mara nyingi huja usiku. Saa saba mchana, wakiwa wamejilaza chini ya mikorosho, hutaona kitu. Nenda alfajiri kabla hawajafunguliwa, rudi jioni, ukae nusu saa bila kuwaswaga. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni kesho asubuhi. Na muulizeni mchungaji, hata akiwa kijana mdogo, maana anashinda nao kutwa nzima.

Madume nao hupandana, hasa wakirundikwa zizi moja. Kwa kondoo, utafiti wa Marekani ulikuta madume kama 8 kati ya 100 wanawachagua madume wenzao hata majike wakiwepo. Kisiwani Oahu, Hawaii, asilimia 31 ya jozi za albatrosi wa Laysan, ndege wa baharini, zilikuwa za majike wawili wanaolea kinda pamoja. Kwa hiyo mfugaji asikimbilie mnadani na mnyama wake mzima.

Ila jike anayepanda wenzake siku nenda siku rudi, bila mzunguko unaoeleweka, mwombe daktari wa mifugo ampime ovari, yaani viungo vya kutengeneza mayai. Huenda zina vivimbe vya maji, na hivyo vinatibika.