Dawa ya mapafu kwa kichanga njiti

Swali: Dokta shikamoo, niko Kongwa, mdogo wangu kajifungulia Dodoma mjini mimba ya wiki 30, mtoto anaguna na kifua kinabonyea kila akivuta pumzi, wanataka kumuwekea dawa ya maji kwenye mapafu, si atapaliwa jamani?

Jibu: Marahaba, pole sana. Usiogope, hiyo ni safaktanti, ute ambao mapafu hutengeneza yenyewe ila kwa njiti wa umri huo bado ni mdogo mno, basi vifuko vya hewa vinanatana kama nailoni iliyolowa. Wanapitisha kamrija kembamba kwenye njia ya hewa, wanaingiza mililita chache tu, vifuko vinafunguka, na ikiwahi masaa ya mwanzo ndo inasaidia zaidi. Mdogo wako aendelee kukamua maziwa.