Mashindano Yanaua Kikundi Chetu cha Kuchora, Tufanyeje?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni admini wa kikundi cha watu tunaopenda kuchora hapa Dar, wengi tuna kazi zetu, kuna wa benki, wa saluni, mpaka dereva bajaji yupo. Tulianza kwa kukutana Jumamosi, tunaenda Feri au Coco tunakaa tunachora tunachokiona, tunapiga stori, basi. Mwaka huu tukaleta mashindano ya kila mwezi, inatolewa mada, watu wanapiga kura, mshindi anapata zawadi ya mchango. Mwanzoni raha kwelikweli. Sasa hivi washindi ni walewale, wageni wanaficha madaftari yao, mmoja kakopi picha ya mtandaoni ugomvi ukawaka, na Jumamosi hatuji tena kila mtu kajifungia kwake anaandaa mchoro wa kura. Nikisema tuyafute naambiwa nina wivu. – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi nipo upande wako ila sio kwa kufuta kila kitu.

Kuna utafiti ulifanyika Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, ukatoka 1973, na naona kama unawazungumzia nyie. Walichukua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora kwa makapeni, zile kalamu nene za rangi, wengine wakaahidiwa kabisa kwamba ukichora utapewa cheti chenye utepe, wengine hawakuahidiwa ila wakapewa kwa kushtukizwa, wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili makapeni yakarudishwa darasani, anayetaka achore asiyetaka aache, basi wale walioahidiwa cheti walitumia kama nusu tu ya muda wa wenzao, na hata michoro waliyochora kwa ajili ya hicho cheti ilionekana ya kiwango cha chini. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu hata kidogo! Kwa hiyo zawadi yenyewe haina shida, shida ni kuitangaza mapema mpaka mtu anaanza kuchora kwa ajili yake.

Najua kuna memba atasema mbona wachoraji wa picha za Tingatinga pale Oysterbay wanashindana kila siku. Ndio, lakini ule ni mkate wao, tangu mzee Edward Saidi Tingatinga aanze mwaka 1968 picha ilikuwa ya kuuzwa, na anayeuza lazima agombanie mteja. Nyie mnauza nini? Mtu kashinda benki wiki nzima anakuja Feri apumue, sasa na huko tena akapangwe namba?

Ningekuwa mimi, kura nazitoa kabisa, ila mada ya mwezi inabaki maana watu wengi wakiambiwa chora chochote wanakwama. Inktober, aliyoianzisha mchoraji wa Marekani Jake Parker 2009, watu wanachora kwa wino kila siku ya Oktoba, mada zipo na mshindi hakuna, na bado watu duniani kote wanajitokeza kila mwaka. Halafu mada ichorwe palepale Jumamosi, mfano wote mnachora ngalawa ileile dakika kumi, mnaweka madaftari chini mnaangalia nani kaona nini, yule anayeanza anajifunza kuliko angepewa kura mbili za huruma. Na hapo kukopi mtandaoni hakuna nafasi. Siku mojamoja mnunulie mtu penseli nzuri bila kutangaza, kwa sababu amekuja mara nyingi au kathubutu kuchora watu wakati anaogopa nyuso.

Hao wanaopenda kushindana msiwanyime, wapo watu ushindani unawaamsha kweli, wawekeeni mara moja kwa mwaka, anayetaka anaingia, na isiguse Jumamosi hata moja. Washindi wenu waombe kila mmoja akae na mgeni mmoja wachore pamoja.

Hilo la wivu usilijibu kwenye simu, utaandika mpaka asubuhi na mtazidi kuumizana. Subiri mkutane uso kwa uso, uliza kila mtu alijiunga kwa nini, anza na wale wakimya, waache wamalize kabla hujasema lako. Na huyo aliyekopi nakuomba usimtoe, mwite pembeni mwambie kura zimefutwa, halafu muulize Jumamosi anakuja au haji.