Rozela na vidonge vya presha

Dada, umeuliza kama mama aache vidonge vya presha anywe chai ya rozela tu. Asiache. Rozela, wengine huiita choya, kweli hushusha presha kidogo, na hapo ndipo pa kuangalia: ikikutana na vidonge, presha yaweza kushuka mno akapata kizunguzungu. Mwambieni daktari wake kwanza.

Mama yangu mimi nampa kikombe kimoja jioni: kijiko cha maua makavu, maji ya moto, dakika 10, bila sukari (ugomvi wetu wa kila siku). Kipimo cha presha kiko mezani.

Mchaichai na tangawizi ni za ladha na gesi tumboni. Akiumwa kifua au akilegea upande mmoja, msichemshe chochote, mkimbizeni hospitali.