Walioniita Profesa Nyuklia sasa wananipigia simu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Kaka, nasikia siku hizi unatengeneza mpaka mashine za eksirei. Mimi niko kwenye redio na sola. Nipitie wapi?" Nimefurahi, sifichi. Wapo waliosema sitafika.

Nilianzia kibandani hapa Mwanga, Kigoma, kwenye simu na inveta. Jioni nasoma jinsi mionzi inavyoharibu elektroniki. Fundi mkuu wangu akawa ananiita Profesa Nyuklia mbele ya wateja. "Kigoma ya dagaa na mawese, nyuklia ya wapi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo.

Lakini mambo yenyewe yalikuwa matamu! Julai 1962 Marekani walilipua bomu la nyuklia juu angani, na siku iliyofuata wakarusha satelaiti yao ya Telstar 1. Ilipita kwenye mionzi iliyoachwa na lile bomu, transista zake, yaani swichi ndogo za umeme ndani ya saketi, zikadhoofika, na Februari 1963 ikanyamaza kabisa. Kwenye transista za MOS, aina inayotumika sana kwenye vifaa vya siku hizi, mionzi huacha chaji zimenasa katika tabaka jembamba la oksaidi linalozuia umeme, basi transista inaanza kupitisha umeme wakati haikutakiwa. Kebo nazo zina mambo yao. Ganda la plastiki ya PVC likipigwa sana na mionzi hukakamaa, hupasuka na kutoa asidi inayokula shaba. Teflon tunayoisifia kwa kuvumilia moto, mbele ya mionzi ya gama ni dhaifu mno. Halafu kuna kebo za sola ambazo kiwandani ganda lake hupigwa mionzi ya elektroni makusudi, kwa kipimo, ili molekuli zishikane na ganda liwe imara!

Miaka ya katikati naiacha, ilikuwa njaa tu na kozi.

Majuzi nikaitwa hospitali moja, eksirei imegoma. Nimekuta wameshakubaliana kwamba mionzi imekula kebo, zinunuliwe zote. Nikasema hapana. Kebo haikai kwenye njia ya mwali wa mionzi, inachopata ni mabaki kidogo. Mionzi ingekakamaza ganda kwa eneo zima, lakini hili lilikuwa laini kote isipokuwa pale linapojikunja kila kichwa cha mashine kikisogezwa. Ndani, waya wa kontroli umekatika. Nikabadilisha huo mmoja na mashine ikapiga picha. Fundi mkuu wangu wa zamani akapiga simu kunipongeza. Nilimwacha aite kidogo kabla ya kupokea.

Sasa, mdogo wangu wa Kasulu, soma. Soma hata kile ambacho mtaani kwenu hakina mteja. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa kubadilisha kifaa bila kuuliza kimekufa kwa nini, kisha tunalalamika kazi kubwa wanapewa watu wa Dar. Uliza kwa nini. Ukijibiwa, uliza tena. Na anayekucheka, mwache acheke, wewe soma.

Eksirei ikizimwa haitoi mionzi, na chumba hakibaki nayo, hilo lisikutishe. Ila ikiwa inawashwa kwa majaribio, kaa nyuma ya kinga na uvae dosimita, kile kifaa kidogo kinachopima mionzi iliyokupata. Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo inayozisoma. Bosi akikwambia "ingia tu, ni dakika moja," chukua begi lako uondoke.